Charnley: Daktari aliyekiri kosa lake, akaipata nyonga ya plastiki

Na Mwandishi Wetu, Mvumi

ANAYEFIKA Mvumi Mission asubuhi hawezi kukosa kuona ndoo. Katika eneo hili la Wilaya ya Chamwino, kiasi cha kilomita 40 kusini mashariki mwa mji wa Dodoma, maji ni mali, na chombo cha kuyabebea ni plastiki: ndoo kichwani kwa mwanamke, madumu ya njano kwenye baiskeli ya kijana, simtanki pembeni mwa nyumba ya aliyejaliwa.

Hukosi pia kumwona mzee mwenye fimbo. Hupiga hatua moja, akapumzika, akapiga nyingine, huku wapitao wakimwamkia kwa heshima kwa Kigogo: Mbukwenyi. Maungo yamechoka. Kwa mkulima wa nyanda hizi kavu, nyonga inayouma ina maana ya shamba lisilolimwa, kisima kisichofikika na safari ya kanisani au msikitini iliyobaki kuwa kumbukumbu.

Wachache hufikiri kwamba ndoo ile na nyonga ile vina uhusiano wowote. Ukweli ni kwamba plastiki inayowawezesha mamilioni ya watu duniani kutembea tena baada ya nyonga zao kuharibika ni ndugu wa damu wa plastiki ya ndoo. Aliyeiingiza katika mwili wa binadamu alikuwa daktari Mwingereza, John Charnley. Kabla ya kuipata alikuwa amekosea vibaya, na kosa lake liliwaumiza watu takribani 300. Namna alivyolibeba kosa hilo ndiyo inayofanya maisha yake yastahili kusimuliwa leo.

Mwana wa mfamasia

Dunia ilianza kuisikia Mvumi kupitia kalamu ya Dk. Paul White, Mwaustralia aliyekuja Tanganyika mwaka 1938, akafanya kazi katika hospitali ya misheni hapa hadi mwaka 1941, kisha akaandika mfululizo wa vitabu vya Jungle Doctor vilivyosomwa katika nchi nyingi. Katika miaka hiyo hiyo, huko kaskazini mwa Uingereza, daktari mwingine wa rika lake alikuwa akianza safari yake.

John Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911 katika mji wa Bury, mkoa wa Lancashire, uliosifika kwa viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa mfamasia na mama yake alikuwa na mafunzo ya uuguzi. Alisomea udaktari Manchester, akahitimu mwaka 1935, na mwaka uliofuata akafaulu mtihani mkubwa wa madaktari wa upasuaji akiwa na umri wa miaka 25 tu.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza. Mwaka 1940 alishiriki kuwahamisha askari waliokwama Dunkirk, na baadaye akapelekwa Misri. Huko ndiko kipaji chake cha pili kilipochomoza. Badala ya kungoja vifaa kutoka kwao, alikuwa akivichora na kuvitengenezesha katika karakana ya jeshi. Tangu wakati huo hakuwa daktari tu. Alikuwa pia fundi, na lathe ilimkaa mikononi sawasawa na kisu cha upasuaji.

Baada ya vita alirudi Manchester, na mwaka 1950 akachapisha kitabu kuhusu kutibu mifupa iliyovunjika bila kupasua, ambacho hadi leo wanafunzi wa tiba wanakifahamu. Alikuwa mtu mgumu, mwepesi wa hasira, asiyevumilia kazi ya ovyoovyo. Alipenda magari yaendayo kasi. Alichelewa kuoa, alifunga ndoa mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 45, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Tabia moja iliwashangaza wenzake: alipotaka kujua jambo, alikuwa tayari kulijaribu katika mwili wake mwenyewe. Katika miaka ya 1940, akichunguza namna mfupa unavyoota, alimwomba daktari mwenzake amkate kipande cha mfupa wa mguu na kukipandikiza. Kidonda kikapata usaha, na akalazimika kufanyiwa upasuaji mwingine. Hakuacha.

Nyonga iliyolia

Nyonga ni kiungo cha mpira na kikombe. Kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na baina yao kuna gegedu, utando laini unaoteleza kuliko barafu juu ya barafu. Gegedu likiliwa, mfupa husagana na mfupa. Maumivu yake humnyima mtu usingizi.

Miaka ya baada ya vita, madaktari wa Ulaya walijaribu kubadilisha kichwa cha mfupa kwa kichwa cha plastiki ngumu aina ya akriliki, kazi iliyovumishwa na ndugu wawili wa Paris, Jean na Robert Judet. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja aliyewekewa kichwa cha namna hiyo alifika kwa Charnley na lalamiko la ajabu: kila alipojongea, nyonga yake ililia kama bawaba isiyotiwa mafuta, kiasi kwamba mkewe hakutaka kukaa naye chumba kimoja.

Wengi wangecheka. Charnley alitafakari. Kilio kile kilimwambia kwamba kulikuwa na msuguano mkubwa, na msuguano huo ndio uliong'oa vyuma na plastiki kutoka katika mifupa ya wagonjwa. Akaanza kupima viungo vya wanyama na vya binadamu, akagundua kwamba gegedu huteleza kwa asili yake lenyewe, si kwa sababu tu ya ute unaolizunguka. Kwa hiyo, ikiwa kiungo bandia kingefaa, ilibidi kitengenezwe kwa kitu kinachoteleza chenyewe bila kutegemea ute.

Kitu kilichojulikana kwa utelezi wakati huo kilikuwa Teflon, plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango ili mayai yasigande.

Miaka minne ya Teflon

Kuanzia mwaka 1958, Charnley aliweka vikombe vya Teflon katika nyonga za wagonjwa. Aliacha kazi yake yenye hadhi Manchester ili aweke nguvu zake katika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan. Ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, ambayo vitanda vyake vilikuwa vikibaki wazi baada ya dawa mpya za ugonjwa huo kupatikana. Mwaka 1961 kituo chake cha upasuaji wa nyonga kilifunguliwa hapo.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa kama muujiza. Watu waliokuja wamebebwa waliondoka wakitembea. Kutoka kwa Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester, alikuwa amepata wazo la kutumia saruji ya akriliki kushikiza kiungo mfupani. Aidha, alipunguza kichwa cha chuma hadi kipenyo cha milimita 22 tu, kwa kuwa mpira mdogo huleta ukinzani mdogo unapozunguka ndani ya kikombe.

Furaha hiyo haikudumu. Wagonjwa walianza kurudi mmoja baada ya mwingine, maumivu yakiwa yamewarejea. Picha za eksirei zilionyesha kichwa cha chuma kikizama ndani ya kikombe kama mchi unaotoboa kinu. Teflon iliteleza, lakini ililika. Ubaya zaidi, unga wake uliotawanyika ulichokoza mwili, ukajenga uvimbe na kuula mfupa.

Ni wagonjwa takribani 300. Kila mmoja alikuwa na jina, na kila mmoja aliuweka mguu wake mikononi mwa mtu huyu kwa kumwamini.

Hapo ndipo msomaji anapomwona mtu mwenyewe. Charnley angeweza kunyamaza, kuwalaumu wagonjwa kwa kutembea mno, au kuwaachia madaktari wengine waliookoe jahazi. Hakufanya hivyo. Aliwaita, akawaeleza, akarudi chumba cha upasuaji na kuvitoa kwa mikono yake vikombe alivyoviweka kwa mikono yake. Kisha akautia unga wa Teflon ndani ya paja lake mwenyewe ili aone unavyofanya mwilini. Baada ya miezi kadhaa vinundu vilikuwa vinapapasika chini ya ngozi. Matokeo aliyaandika wazi katika jarida la kitabibu, na akawaonya wenzake wasiitumie.

Ukucha wa daktari, subira ya fundi

Mwezi Mei 1962 mfanyabiashara mmoja alibisha hodi Wrightington. Kazi yake ilikuwa kuuza gia za plastiki kwa viwanda vya nguo vya Lancashire, gia zilizovumilia kusagana katika mitambo ya kufumia bila kulika upesi. Alimwachia fundi wa maabara, Harry Craven, kipande cha plastiki hiyo iliyotoka Ujerumani.

Charnley alikiangalia, akakichoma kwa ukucha wa kidole gumba, akaona ni laini, akaondoka zake. Kwake habari iliishia hapo.

Craven hakukitupa. Alikifunga kwenye mtambo wa kupimia ulikaji, akauwasha na kuuacha ufanye kazi usiku na mchana, wakati mkubwa wake akiwa safarini Copenhagen. Baada ya wiki tatu, plastiki ile ilikuwa haijalika kiasi ambacho Teflon hulika kwa siku moja. Charnley aliporudi alisimama mbele ya mtambo, akatazama, akakubali kwamba fundi wake alikuwa amesema kweli na yeye alikuwa amekosea.

Mwezi Novemba 1962 kikombe cha kwanza cha plastiki hiyo kiliwekwa katika nyonga ya mgonjwa. Kabla ya kuamini kabisa, Charnley alikuwa ametia unga wa plastiki hii pia ndani ya paja lake, pamoja na ule wa Teflon. Huu haukuleta vinundu.

Siri ya mnyororo mrefu

Plastiki hiyo ni ya ukoo wa poliolefini, unaojumuisha polithini na polipropilini. Humo zimo ndoo, madumu, matangi, viroba vya kuwekea nafaka, na hata mifuko ile laini iliyopigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Polithini yenyewe iligunduliwa mwezi Machi 1933 huko Northwich, si mbali na alikozaliwa Charnley, wakati wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walipoibana gesi ya ethilini kwa shinikizo kubwa mno. Mwaka 1953, Karl Ziegler wa Mülheim, Ujerumani, aliipata njia ya kuitengeneza kwa shinikizo dogo, na mwaka 1963 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Giulio Natta wa Italia. Katika mji jirani wa Oberhausen, kampuni ya Ruhrchemie ilitumia njia hiyo kutengeneza aina ya pekee, ile iliyofika Wrightington.

Upekee wake ni urefu. Molekuli ya polithini ni mnyororo wa vipande vidogo vya ethilini vilivyoshikana. Katika plastiki ya ndoo, mnyororo mmoja huwa na vipande elfu kadhaa. Katika plastiki ya nyonga, vipande hufika laki moja na kupita.

Aliyewahi kusokota kamba ya katani ataelewa mara moja. Nyuzi fupi hata ukizisokota vipi huchomoka. Nyuzi ndefu huzingirana, zikashikana, na kamba ikavuta lori. Ndivyo ilivyo kwa minyororo hii: imefungamana kiasi kwamba chuma kikipita juu yake mara milioni, ni vumbi kidogo tu linalobanduka.

Plastiki hiyo haifyonzi maji, hailiwi kwa urahisi na kemikali, huteleza yenyewe bila grisi, huvumilia vishindo, na ni nyepesi kiasi cha kuelea majini. Ina udhaifu wake pia. Joto la nyuzi 135 hivi huiyeyusha, na hata ikiyeyuka haitiririki kama plastiki ya ndoo, kwa sababu minyororo yake imenasana. Ndiyo maana haimiminwi kwenye kalibu kama kawaida. Unga wake hushindiliwa kwa joto na shinikizo kuwa gogo, kisha gogo hukerezwa kwa lathe. Ikilemewa muda mrefu, hubonyea taratibu.

Nje ya hospitali, plastiki hii hutandikwa ndani ya mabehewa na vihori vya migodini ili mawe na udongo viteleze bila kuganda, na hutengeneza gia na reli za mitambo ya viwandani. Wataalamu wa Uholanzi waliigeuza kuwa nyuzi mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo nyuzi hizo husukwa kamba za meli na fulana za kuzuia risasi.

Hakuwa na haraka

Mtu mwingine, baada ya ushindi wa mwaka 1962, angekimbilia sokoni. Charnley alikuwa ameumwa na nyoka; jani lilimtisha. Kwa miaka kadhaa hakuruhusu kiungo chake kuuzwa kwa kila daktari aliyekitaka. Kampuni ya Thackray ya Leeds, iliyokitengeneza, ilikiuza kwanza kwa madaktari waliokuwa wamefika Wrightington na kujifunza upasuaji wenyewe. Ilipofika karibu mwaka 1970 ndipo mlango ulipofunguliwa zaidi.

Wakati huo wote alikuwa akiwafuatilia wagonjwa wake mwaka hadi mwaka. Aliwaomba pia ridhaa kwamba wakifariki, nyonga zao zichukuliwe na kuchunguzwa, ili ijulikane plastiki imelika kiasi gani. Wengi waliridhia.

Akageukia adui mwingine, usaha. Mwanzoni, wagonjwa wapatao saba katika kila 100 walipata maambukizi baada ya upasuaji. Charnley alijenga kizimba cha hewa iliyochujwa ndani ya chumba cha upasuaji, akawavika madaktari mavazi yaliyonyonya pumzi zao. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya mmoja katika 100.

Heshima zilifuata. Mwaka 1974 alipata Tuzo ya Lasker ya Marekani. Mwaka 1975 akachaguliwa kuwa mwanachama wa chama maarufu cha wanasayansi wa Uingereza, Royal Society, jambo adimu kwa daktari wa upasuaji. Na mwaka 1977 akapewa hadhi ya Sir. Alifariki dunia Agosti 5, 1982, akiwa na umri wa miaka 70.

Kazi yake haikukamilika alipozikwa. Miaka ilivyosonga ilibainika kwamba hata vumbi dogo la plastiki hii, likijilimbikiza kwa muda mrefu, huweza kula mfupa na kulegeza kiungo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vilianza kuiunganisha minyororo yake kwa mionzi ili isilike upesi, na baadaye vikaichanganya na vitamini E ili isioze kwa oksijeni. Hata hivyo, wagonjwa wa Marekani waliowekewa kiungo cha Charnley cha zamani walipofuatiliwa kwa miaka 25, takribani wanane katika kila kumi walikuwa hawajahitaji kukibadilisha.

Kutoka Wrightington hadi Dodoma

Leo upasuaji huo hufanywa zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka duniani. Nchini Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na Dodoma penyewe katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Majirani zetu wa Malawi wana daftari la taifa la viungo bandia tangu mwaka 2005, linaloandika kila kiungo kilichowekwa na hatima yake. Hilo ni wazo ambalo Charnley angelipenda, maana ndivyo alivyofanya yeye.

Afrika wanaouhitaji si wazee peke yao. Selimundu, kwa mfano, huweza kukata damu inayokwenda kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na kijana akajikuta na nyonga iliyokufa kabla hajafikisha miaka 30. Kwake yeye, swali la kikombe kitadumu miaka mingapi ni swali la maisha yake yote. Anayekiweka lazima awe tayari kumfuatilia, na kumwambia ukweli kikiharibika.

Kwa mzee wa Mvumi mwenye fimbo, safari ya kilomita 40 hadi Dodoma mjini bado ni ndefu, na gharama ya upasuaji huo kwa familia ya mkulima ni mlima. Plastiki yenyewe si adimu. Ndugu zake zimejaa kisimani. Kilicho adimu ni mikono iliyofundishwa, chumba safi cha upasuaji, na kumbukumbu zinazotunzwa miaka 20.

Na labda kilicho adimu kuliko vyote ni moyo wa fundi aliyekataa kutupa kipande kilichodharauliwa na mkubwa wake, na wa mkubwa aliyerudi safari akakiri kwamba fundi ndiye aliyeona sawa.